Ukimwona ndege adimu, mtangaze ndege, kiota kiache

Vuli ikianza, simu yangu hujaa picha zenye ukungu. Mwaka jana kijana mmoja alikuwa kando ya mashamba ya mpunga, Moshi chini, amebana simu kwenye jicho la darubini, na ujumbe wa sauti ukaingia huku anahema: "Shikamoo mwalimu! Nimempata kozi miguu-myekundu! Niwatumie wenzangu kwenye grupu?" Furaha ya namna hiyo naipenda sana na sitaki kuizima. Nilimwomba asubiri dakika tano tu, aniambie kwanza ameona nini.

Kila Novemba na Desemba makundi ya kozi wa Amur, ndege wadogo wa jamii ya wawindaji, hupita juu ya Arusha na Kilimanjaro yakifuata mawingu, maana mvua ndiyo inayowatoa kumbikumbi ardhini. Ndege hawa huzaliana mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa China, hupitia India, kisha huivuka Bahari ya Hindi wakielekea kusini mwa Afrika. Wana ndugu yao, huyo kozi miguu-myekundu, ambaye njia yake ya kawaida iko magharibi zaidi na kwetu huonekana kwa nadra. Tatizo ni kwamba wote wawili wana miguu myekundu, na madume yao yote ni ya kijivu yenye mapaja ya rangi ya kutu. Anayetaka kuwatofautisha lazima angoje dume ageuke angani na kuonyesha upande wa chini wa bawa. Kwa kozi wa Amur sehemu ya mbele, kuanzia kwapani, ni nyeupe kabisa. Kwa mwenzake ni nyeusi.

Kwa hiyo anayeniandikia "nimeona kozi miguu-myekundu" amenipa jina tu. Anayeandika "dume, kijivu, bawa kwa chini jeusi lote, saa kumi na moja jioni, wanakula kumbikumbi juu ya mpunga" amenipa kitu cha kufanyia kazi hata kama jina amelikosea. Jina linaweza kusahihishwa baada ya miaka kumi, lakini alama ambayo hukuiandika siku ile haitarudi. Andika palepale, kabla hujafungua kitabu cha ndege. Ukishaitazama picha ya kitabuni, kumbukumbu huanza kujazia vitu ambavyo jicho halikuviona. Ukubwa nao upime kwa ndege unayemjua: mkubwa kuliko njiwa, mdogo kuliko kunguru. Inatosha.

Mahali ni jambo jingine, na hapa nazungumza kama mtu aliyekosea. Miaka kadhaa iliyopita nilimkuta bundi mkubwa analalia kwenye mgunga kando ya mashamba, nje kidogo ya Arusha. Niliwaeleza wenzangu wote: mti, njia, mpaka kona ya kuegesha gari. Wiki ileile watu wakaja. Mmoja wao alicheza sauti ya bundi kwenye simu ili dume ajitokeze, na akajitokeza mchana kweupe, kwa sababu kwake ile ilikuwa sauti ya dume mgeni aliyevamia eneo lake. Kunguru wakamzonga kwa makelele, kijiji kizima kikajua kuna bundi pale. Wote tunajua bundi anavyochukuliwa kwetu. Akilia karibu na nyumba watu wanasubiri msiba. Niliporudi nilikuta majivu ya moto chini ya ule mti na kinda mmoja amekufa, manyoya yake bado meupe kama pamba, kucha amezikunja. Waliowasha moto waliogopa. Njia niliwaonyesha mimi.

Tangu hapo ninafuata utaratibu huu. Ndege anayepita au anayekula namtaja na mahali pake, wenzangu wawahi kumwona. Aliye kwenye kiota, bundi aliyelala, au mti wanakolala tumbusi, ambao sumu imewamaliza sehemu nyingi, nataja wilaya tu, na mahali kamili nampa mtunza kumbukumbu za ndege peke yake. Programu ya eBird, ambamo watazamaji huandika ndege waliowaona, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002, huficha mahali penyewe kwa baadhi ya ndege walio hatarini, lakini grupu lenu halina ulinzi huo. Hata picha ya simu ikitumwa kama faili inaweza kubeba vipimo vya mahali ilipopigwa.

Kuna ndege ambaye kumficha hakusaidii tena. Kipozamataza wa Beesley, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1966, anaishi kwenye nyanda za nyasi fupi kaskazini mwa Arusha, kati ya Meru, Longido na Kilimanjaro, na hayupo kwingine kokote duniani. Ndugu zake wa karibu wako kusini mwa Afrika, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Ni mdogo, mkia mfupi wenye ncha nyeupe, husimama wima na hupenda kukimbia kuliko kuruka. Watazamaji wengi wanapajua anapoishi, kwa hiyo cha kupeana ni namna ya kwenda. Kiota chake kiko chini, ni kikombe kidogo cha nyasi ambacho dereva hawezi kukiona. Acha gari barabarani, tembea na kijana wa Kimaasai anayechunga pale, na umlipe. Anajua leo wamehamia upande gani.

Waongoza wageni wengine hawasemi kabisa walichokiona, na siwalaumu, ni riziki yao. Ninawaomba waandike tarehe na idadi, kisha wazitoe taarifa hizo msimu ukiisha. Tanzania Bird Atlas, mradi wa kuchora ramani za ndege wa nchi yetu, imekuwa ikikusanya kumbukumbu za namna hii tangu miaka ya 1980, na taarifa ya mwaka jana bado ina thamani. Andika pia siku ulizokwenda ukamkosa.

Yule kijana wa Moshi alirudi kwenye darubini. Baada ya robo saa akanipigia, sauti imeshuka kidogo: "Mwalimu, kwa chini ni weupe." Nikamuuliza wako wangapi. Hakuwa amewahesabu. Akakaa kwenye tuta la mfereji mpaka giza likaingia, akaniletea idadi: 63. Nimeiandika, pamoja na jina lake.