Maneno Tunayojisemea: Maswali ya Wanakikoba wa Ngamiani, Tanga

Maswali haya yaliulizwa kwenye mazungumzo ya afya ya akili na wanakikoba. Majina tumeyaacha.

Shikamoo daktari. Nauza samaki wa kukaanga. Siku wakidoda najiambia, "Mimi nina nuksi, kila ninachoshika kinaharibika." Maneno tu yanaweza kunidhuru?

Marahaba, mwanangu. Yanaweza, wala si kwa uchawi. Ukijiambia una nuksi, mwili hauombi ushahidi: moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, usingizi unaruka. Kesho yake unaamka umechoka, unachelewa soko la samaki la Deep Sea, samaki wazuri wameshachukuliwa. Unarudi na vibua vilivyolegea, jioni vinabaki, nawe unasema, "Si nilijua?"

Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliueleza mwendo huu miaka ya 1960 akiwatibu watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Aliona kwamba mawazo fulani huwajia haraka, bila kuitwa, na mgonjwa huyaamini bila kuyahoji. Tiba aliyoijenga hapo inatumika hadi leo, na sehemu yake kubwa ni kuhoji tu. Kila unachoshika? Wiki nzima, au Jumanne peke yake? Jumanne kulikuwaje? "Jumanne sikuuza kwa sababu mvua ilinyesha tangu asubuhi" ni maneno machungu pia, lakini yana la kufanya ndani yake: siku ya mawingu nunua kidogo. Nuksi haikuachii la kufanya.

Ila tusidanganyane. Kusi ikivuma, mashua zikarudi tupu na bei ikapanda, hilo si tatizo la fikra zako. Na aliyekosa kodi ya nyumba ana tatizo la kodi.

Basi nisimame mbele ya kioo kila asubuhi niseme, "Mimi ni tajiri, mimi ni mshindi"?

Mimi sikushauri, hasa ukiwa umevunjika moyo. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada, wakiongozwa na Joanne Wood, walichapisha utafiti ambamo watu walijirudia maneno ya kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa wakijithamini kidogo walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakujirudia maneno hayo. Haishangazi: mdomo unasema, moyo unajibu, "Muongo!" Wahamasishaji wa mitandaoni hawapendi kulisikia hili. Chagua maneno unayoweza kuyaapia. "Mwezi uliopita nililipa hisa zangu zote" ni dogo, lakini ni kweli, na hakuna wa kukubishia, hata wewe mwenyewe.

Hasira au hofu ikinipanda, nifanye nini papo hapo?

Kwanza itaje. "Nina hofu." "Nimeona wivu." Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa California waliwapiga watu picha za ubongo huku wakitazama nyuso zenye hisia kali. Walipoitaja hisia kwa jina lake, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari, ilipunguza kazi. Sisi wa pwani tumezoea mafumbo; mtu kanyamaza, kanga ndiyo inayosema. Fumbo lina raha yake mbele ya jirani, lakini peke yako jiambie waziwazi.

Pili, jiite jina lako. Watafiti walioongozwa na Ethan Kross, pia wa Marekani, walionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojisemesha kwa jina lao badala ya "mimi" walihutubia vizuri zaidi, na baadaye aibu haikuwatafuna sana. Bibi zetu hawakungoja utafiti: "Ewe mama fulani, hebu tulia."

Mwanangu yuko darasa la sita, anasema hesabu hawezi. Mwalimu wa tuisheni anamwita mbumbumbu.

Mwalimu mwendee kwa adabu, umwambie jina hilo liishe. Nyumbani nako angalia unavyosifu. Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa akili walipendelea kazi rahisi, na waliposhindwa walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa bidii. Kwa hiyo usiseme "una akili wewe". Sema, "Nimeona umelirudia swali mpaka likatoka."

Itachukua muda gani kuzoea kujisemea hivi?

Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010 ulipata wastani wa siku 66 kwa tabia mpya kuzoeleka, kati ya 18 na 254. Hizo zilikuwa tabia za kula, kunywa na mazoezi, kwa hiyo usizihesabie mawazo kama kalenda. Ukisahau siku moja, endelea tu.

Mume wangu wiki ya tatu halali, chakula hataki, hata bao barazani kaacha. Anasema hana faida tena. Nimwambie abadilishe fikra?

Usimwambie hivyo, dada yangu. Mtu akikosa raha karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi na hamu ya kula vimeharibika, huenda ni sonona, nao ni ugonjwa wenye tiba. Dua ziendelee, na hospitali aende. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Bombo. Mkoa wetu una hata Lutindi, kule milimani Korogwe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo tangu enzi za Wajerumani.

Muulize wazi kama anawaza kufa. Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Akikubali, msimwache peke yake, ondoeni dawa za wadudu na vidonge nyumbani, mpelekeni siku hiyohiyo. Dirishani semeni ni dharura, mnataka kumwona daktari sasa. Maelezo mengine mtayatoa chumbani, si mbele ya foleni.