Lebo kwenye hoja za rasimu: yanayodhaniwa na yalivyo

Ukipitia hoja (maswali na kasoro zinazofunguliwa ili zijadiliwe) za rasimu ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, kule GitHub, jukwaa la mtandaoni ambako rasimu huhifadhiwa na kujadiliwa, utakuta nyingi zimevishwa vibandiko vya rangi, yaani lebo: i18n-tracker, a11y-needs-resolution, privacy-tracker na wenzao. Mhariri mgeni huviona kama mapambo ya mtu anayependa mpangilio. Makosa mengi huanzia hapo, maana vibandiko hivi vina wenyewe, na baadhi yake vinaweza kuichelewesha rasimu isivuke hatua.

Kwa ufupi, mambo yako hivi. W3C, iliyoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994, huandika viwango vya wavuti kupitia vikundi kazi, na kila kikundi kina rasimu zake. Lakini yapo masuala mtambuka yanayogusa rasimu zote: ufikivu kwa watu wenye ulemavu, lugha na maandishi ya dunia, faragha, usalama, na usanifu wa wavuti kwa jumla. Masuala hayo yana vikundi vyake vya wapitiaji, na wapitiaji hawawezi kuhudhuria vikao vya kila kikundi kazi. Lebo ndiyo inayowaita. Kuhusu majina yenyewe, i18n ni kifupi cha neno la Kiingereza internationalization, lenye herufi 18 kati ya i na n; ndilo suala la lugha na maandishi. a11y, yaani accessibility (ufikivu), nayo imeficha herufi 11.

“Lebo ni ya kupanga tu, haifanyi kitu”

Inafanya. Lebo ya i18n-tracker ikibandikwa kwenye hoja ya kikundi kazi, ipo programu inayopitia hazina za vikundi kazi (hazina ni ghala la GitHub lenye rasimu na hoja zake) na kufungua hoja pacha kwenye hazina ya kikundi cha i18n. Pacha hubeba kiungo cha kurudi kwenye hoja mama, lebo ya kuonyesha ni rasimu ipi, na lebo ya pending, yaani bado wapitiaji hawajaiangalia. Mazungumzo hayahamii huko, yanaendelea kwenye hoja mama. Pacha ni daftari la wapitiaji.

Sasa mtu anaingia na hamu ya kufanya usafi. Anaona i18n-tracker ni jina la ajabu, analibadilisha liwe refu na la kueleweka. GitHub inatii: hoja zote zilizokuwa na lebo hiyo zinaonyesha jina jipya, na kwa macho hakuna kilichoharibika. Programu lakini inatafuta jina la zamani, na hailipati. Hakuna ujumbe wa kosa wala arifa, kimya tu, na wapitiaji wanadhani hawajaitwa. Vivyo hivyo hoja ikihamishiwa hazina nyingine: lebo huifuata tu ikiwa huko inakokwenda kuna lebo yenye jina lile lile.

Rangi haina kazi yoyote katika haya. Nimeona vikundi vikijadili rangi za lebo kwa muda mrefu kuliko hoja zenyewe, na ni kichekesho kidogo, kwa sababu mwongozo wa ufikivu wa W3C wenyewe, WCAG, kigezo 1.4.1, unakataza kutegemea rangi peke yake kufikisha maana.

“Needs-resolution maana yake wamekataa rasimu yetu”

Hii ndiyo inayoleta ugomvi zaidi. Lebo za tracker husema tu, “tunafuatilia mjadala huu.” Kikundi kazi chenyewe kinaruhusiwa kuibandika, na ni adabu nzuri kufanya hivyo mkiona jambo linalowahusu wapitiaji. Lebo za needs-resolution ni nzito zaidi: wapitiaji wanaona hoja hii lazima ipate ufumbuzi kabla rasimu haijasogea hatua nyingine, na ni wao tu wanaozibandika. Kikundi kazi kinapoomba kuivusha rasimu, kwa mfano kuingia hatua ya Pendekezo Tarajiwa, hoja hizi ndizo zinazoangaliwa.

Ila ufumbuzi si lazima uwe “fanyeni tunavyosema”. Kikundi kazi kinaweza kueleza kwa nini pendekezo la wapitiaji litavunja kurasa zilizokwisha kuandikwa, wapitiaji wakaridhika, hoja ikafungwa bila neno kubadilika kwenye rasimu. Mhariri anayeiona lebo hiyo na kuanza kujihami hupoteza wiki nzima akibishana na watu ambao walikuwa wanasubiri sentensi mbili za maelezo.

“Tumerekebisha, tumefunga hoja, tutoe na lebo”

Tuifuate hoja moja ya kubuni, ingawa ya aina inayojirudia sana. Rasimu inaeleza jinsi tovuti itakavyotuma arifa, na arifa ina kichwa ambacho ni mfuatano wa herufi tu, basi. Mpitiaji wa i18n anauliza: kichwa kikiwa cha Kiarabu lakini kimeanza na jina la bidhaa kwa herufi za Kilatini, kivinjari kitajuaje kwamba mstari unatakiwa kuanzia kulia? Kikikisia kwa kutazama herufi ya kwanza yenye mwelekeo, kitasema kushoto. Maneno yatapangika ovyo, na alama ya mshangao ya mwishoni itatua upande usio wake. Anabandika i18n-needs-resolution.

Mhariri analielewa tatizo. Anaongeza sehemu ya lang ya kutaja lugha, wenzake wanalikubali badiliko, hoja inafungwa. Kwake yamekwisha. Lakini programu imeona hoja mama imefungwa, ikabandika lebo ya close? kwenye pacha. Alama ile ya kuuliza si ya bahati mbaya: inamuuliza mpitiaji, je, na wewe unafunga? Anafungua badiliko, anasoma. Lugha ipo, mwelekeo haupo. Na lugha peke yake haitoshi kuujua mwelekeo: Kiazeri, kwa mfano, huandikwa kwa herufi za Kilatini na kwa za Kiarabu pia. Anaandika hivyo, hoja inafunguliwa tena, safari hii inaongezwa na sehemu ya dir, ya kutaja mwelekeo.

Mhariri angeitoa lebo siku ile alipofunga, atakayekuja kutafuta hoja za i18n za rasimu hiyo asingeikuta tena kwenye orodha. Ndiyo sababu lebo hubaki mahali pake hata hoja ikishafungwa, na anayeitoa ni kikundi cha wapitiaji. Hoja ni yenu, lebo ni yao. Mkiona imebandikwa kimakosa, semeni kwenye hoja na waacheni waitoe wenyewe.

“Tumebandika tracker, basi tumeomba mapitio”

Hapana. Lebo huita watu kwenye hoja moja, wakati mapitio ni ya rasimu nzima na yana mlango wake. Kwanza kikundi kazi hujikagua. Kwa usalama na faragha kuna dodoso la kujijaza, kwa ufikivu kuna orodha iitwayo FAST, na i18n wana orodha yao fupi. Baada ya hapo ombi hufunguliwa kwenye hazina maalumu, i18n-request kwa mfano, au design-reviews kwa wale wa usanifu. Wanaoruka dodoso hurudishiwa maswali yale yale yaliyokuwa kwenye dodoso, na muda umepita.

Muda ndio unaouma. Wapo wanaongoja rasimu ikamilike ndipo waombe, kwa kuwa wanaona haya kuonyesha kazi mbichi. Badiliko kama lile la dir ni mistari michache rasimu ikiwa changa. Likija baada ya vivinjari viwili kuanza kuitekeleza, ni mazungumzo ya miezi.

“Yeyote anaweza kubandika”

Katika hazina ya umma, yeyote mwenye akaunti anaweza kufungua hoja. Kubandika lebo ni jambo jingine: GitHub inadai angalau ruhusa ya ngazi ya triage, yaani ya kupanga hoja. Mpitiaji asiye na ruhusa hiyo ataandika hoja nzuri, nayo ikae bila kibandiko. Wapeni ruhusa mapema.

“Zikiwa nyingi ndivyo bora”

Kuna wahariri ambao, kwa woga, hubandika tracker za vikundi vyote kwenye kila hoja inayotaja maandishi au picha. Kila kibandiko ni pacha mmoja kwenye daftari la mtu. Sahihisho la tahajia halihitaji mtu wa faragha. Ukitaka kumwita mpitiaji, andika kwenye hoja mstari mmoja wa unachomuuliza, kwa sababu lebo inamfikisha mlangoni tu na haimwambii ameitiwa nini.

“Hakuna lebo, hakuna tatizo”

Utafutaji wa needs-resolution ukirudi mtupu, kuna maelezo mawili. Huenda wapitiaji wameisoma rasimu na hawakuona la kusimamisha. Huenda pia hakuna aliyewahi kuisoma. Kwenye hazina ya rasimu hali hizi mbili zinafanana kabisa. Tofauti iko kwenye hazina ya maombi: tafuta jina la rasimu yako huko, uone kama ombi lipo, lilifunguliwa lini, na kama kuna mpitiaji aliyelijibu.