Gari ikishushwa si lazima iwe ngumu

Hapa Tanga ukisema unaifungia Subaru Forester springi fupi ili ikae chini zaidi utaambiwa utapanda mkokoteni, miaka yote ndo hivyo. Si kweli jamani. Springi fupi za kiwandani nyingi zinashusha kama milimita 20 mpaka 30, ugumu unaongezeka kidogo sababu nafasi ya kucheza imepungua, ila kinachokurusha kwenye matuta ya Muheza mara nyingi ni shokapu zilizochoka, au tairi za ukuta mfupi, au ile raba kwenye nondo ya shokapu inagongwa mapema. Kukata springi kwa grinda hiyo naipinga kabisa, inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake tairi ikining'inia. Kagua shokapu kwanza, ikivuja mafuta badilisha zote mbili, kulia na kushoto, alafu ndo ufunge springi.