Kwa nini karanga zilibaki ardhini Kongwa

Ukiiacha barabara kuu ya Dodoma–Morogoro pale Mbande ukashika njia ya Mpwapwa, muda si mrefu unaingia Kongwa. Ni mji mdogo: ofisi za wilaya, maduka, mashine za kusaga, bodaboda kivulini, ng'ombe wakivushwa barabara. Mimi ni mtaalamu wa udongo, na katika miji yote ya kanda ya kati huu ndio ninaoupenda kuliko mingine, maana sehemu kubwa ya historia yake unaweza kuishika kiganjani.

Okota bonge la udongo wake mwekundu mwezi wa Januari, mvua ikiwa imenyesha jana. Linafinyangika bila shida. Rudi mahali hapohapo mwezi wa Juni upige jembe: jembe linadunda. Udongo huu una mfinyanzi wa kutosha kushikamana kama tofali ukikauka, na chembe za mchanga mkali zinazolika chuma.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kula yakigawiwa kwa kadi. Ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki tisa, sehemu nyingine ukiitazama nchi kutoka angani. Ukapendekeza mradi wa ekari zaidi ya milioni 3 za karanga za kukamua mafuta, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947. Matrekta yalifika, vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa pori, reli ya tawi ikachepushwa kutoka Msagali kwenye Reli ya Kati. Mibuyu iliwatoa jasho, na nyuki waliokaa ndani yake nao wakajibu.

Lakini shida kubwa ilikuwa chini ya ardhi. Ua la karanga likishachavushwa hutoa kijiti chembamba, kinainama, kinapenya ardhini, na karanga inakulia humo gizani. Kwa hiyo mmea huu unaudai udongo mara mbili: uwe laini wakati kijiti kinaingia, na uwe laini tena siku ya kung'oa. Kongwa mvua hukatika karibu na mwezi wa Aprili, karanga zinapokomaa. Wiki chache za jua zinatosha. Unavuta shina, linakuja peke yake, karanga zinabaki chini kana kwamba zimejengewa saruji. Katika kijishamba unaweza kuwahi ukang'oa yote kwa siku mbili tatu udongo ukiwa bado na unyevu. Katika maelfu ya ekari, mashine ndiyo inayopanga siku ya kuvuna, na majembe yake yalilika upesi mno. Walijaribu na alizeti. Ukame wa 1949 ukaipiga. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautangaza mradi kuwa umekwisha, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea.

Linaloniuma kila ninapolifundisha ni kwamba maarifa yalikuwepo palepale. Wagogo walikuwa wameishi na mvua hii kwa vizazi. Walipanda uwele na mtama, wakafuga ng'ombe kama akiba inayotembea, wakagawa mashamba mabondeni na miinukoni ili mvua ikikosa huku ipate kule. Walikuwa wanaberega, yaani wanakwangua magugu juujuu na kupanda bila kuigeuza ardhi. Sisi wataalamu tuliwahi kuiita kuberega uvivu. Siku hizi naitetea kwa sehemu: inamwezesha mtu kuwahi mvua ya kwanza, ingawa udongo usiotifuliwa hunywa maji kidogo na mengi hukimbilia korongoni. Na walijua njaa ni nini. Ile ya Mtunya, baada ya majeshi ya Vita vya Kwanza kuchukua chakula, mifugo na wapagazi, kisha ukame kufuata, bado wazee wanaitaja kwa jina.

Mradi ulipokufa, majengo yalibaki. Shule ya watoto wa Kizungu iliendelea hadi 1958, reli ikang'olewa, na ardhi kubwa ikawa malisho. Ranchi ya taifa ipo mpaka leo. Mwaka 1964 Tanzania ikawapa wapigania uhuru kambi hapa: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Baadhi yao wamezikwa Kongwa, na mji unayatunza makaburi hayo kwa heshima.

Leo nguvu ya biashara imehamia Kibaigwa, kwenye barabara kuu, ambako malori hupakia mahindi sokoni. Binafsi naona wilaya imeyategemea mno mahindi kwa mvua ya aina hii. Ninapowatembelea wakulima, baada ya "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na habari za nyumbani, mazungumzo yangu ni matuta ya kukinga maji na mtama.

Karanga nazo zipo. Zinalimwa kwa jembe la mkono, nusu ekari hapa, ekari moja pale. Msimu uliopita nilimkuta mama mmoja na wanawe wakizing'oa alfajiri, mvua ya mwisho ikiwa imenyesha usiku. Nikataka kumhoji kuhusu mbegu. "Baba, subiri," akasema bila kuinuka, "jua likipanda hazitoki." Nikaweka daftari chini, nikashika mstari wangu.