Picha za Vijijini za Ujerumani: Anza na Kikofia

Mtu akitazama picha ya ngoma au harusi ya kijijini ya Ujerumani ya karne ya 19, macho humkimbilia kwenye nyuso. Mimi humwambia aanze na vikofia, hasa kama picha inatoka Schwalm, katika jimbo la Hessen.

Huko mwanamke hakujichagulia rangi, na mchoraji aliyechora alichokiona naye hakuwa na hiari. Nyekundu ilikuwa ya wasichana ambao hawajaolewa. Akishaolewa alivaa kijani. Umri ukisogea, zambarau. Uzee na msiba vilikuwa na nyeusi. Kikofia chenyewe ni kidogo mno, kinafunika fundo la nywele utosini tu. Sketi zilikuwa fupi, na magagulo yamepandana chini yake; kadiri yalivyozidi, ndivyo ulivyojua kwao wana mali.

Sasa tazama “Schwälmer Tanz” (yaani “Ngoma ya Schwalm”), picha ya mchoraji Carl Bantzer, ya mwaka 1898. Wanaozunguka pale wamejaa wekundu. Kwa wanakijiji hilo lilitosha kueleza kila kitu: hii ni ngoma ya vijana, na uchumba uko hewani. Bantzer alizaliwa Ziegenhain, humo humo Schwalm, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani.

Wengine walikuja kutoka mbali. Gerhardt von Reutern, ofisa aliyepoteza mkono wa kulia katika vita vya Leipzig mwaka 1813, alijifunza kuchora kwa mkono wa kushoto, akaoa katika kijiji cha Willingshausen, humo humo Schwalm, na kuwavuta wasanii wenzake huko. Ludwig Knaus alifuata mwaka 1849. Picha yake ya mazishi ya majira ya baridi, ya 1871, bado naiona bora kuliko zile zake za watoto wenye mashavu ya kupendeza, ambazo wanunuzi wa mjini walizigombania.

Wanunuzi hao ndio wanaonifanya niwe na tahadhari. Walitaka sikukuu, si samadi. Tena wachoraji wengi walinunua mavazi vijijini, wakarudi nayo mjini na kuwavika watu wa kukaa wachorwe studioni. Ndiyo maana nikikuta mama wa makamo kavikwa kikofia chekundu, sianzi kumbunia kisa cha kukosa mume. Kwanza nalishuku sanduku la nguo la mchoraji.