Je, Wajua Kwa Nini Viini vya Seli Hukataa Kuwa Bluu?

Kipande cha uvimbe kikatwe chembamba, mikroni 4 hivi, kilazwe juu ya kioo: ukikitazama kwa hadubini huoni la maana. Ndiyo sababu maabara hukitia rangi mbili. Hematoksilini hushika viini vya seli vikawa bluu, eosini hupaka waridi sehemu nyingine. Siku nyingine, hata hivyo, viini hutoka na wekundu wa zambarau, na lawama zote huiangukia chupa ya rangi. Mimi ningeanza na maji.

Hematoksilini, inayotolewa kwenye gogo la mti wa Amerika ya Kati, haishiki vizuri bila shabu, na mchanganyiko huo una asidi. Ndani ya asidi rangi huwa nyekundu. Hugeuka bluu kioo kikioshwa kwa maji yenye alkali kidogo. Maji ya bomba mara nyingi hutosha. Bomba likikauka, mtu hukimbilia tangi la mvua, na mvua safi ina pH ya 5.6 hivi, yaani asidi kidogo, kwa kaboni dioksaidi iliyoyeyuka humo. Hapo utaosha hadi uchoke. Tengeneza maji yako: lita 1, sodiamu bikaboneti gramu 3.5, magnesiamu salfeti gramu 20. Kisha suuza vizuri, maana alkali ikibaki, eosini nayo itapauka.

Kwetu Uganda jambo hili si dogo. Limfoma (saratani ya seli za limfu) aliyoieleza daktari mpasuaji Denis Burkitt mwaka 1958, akiwa Kampala, hutambulika kwa sura ya anga yenye nyota: seli za bluu zilizosongamana, na katikati yake seli kubwa zilizopauka. Anga ikiwa nyekundu, nyota utazitafuta wapi?

Kuna kasoro ambayo maji hayaiponyi. Sampuli iliyobanwa kwenye kichupa kidogo huoza katikati kabla formalini, dawa ya kuihifadhi isioze, haijafika. Inahitaji formalini mara kumi ya ujazo wake. Nayo formalini ya zamani, isiyo na bafa (kemikali ya kuzuia pH isibadilike), hugeuka asidi, na ikikutana na damu huacha vidoa vya kahawia vinavyofanana mno na vile vya malaria. Kabla hujaandika malaria kwenye ripoti ya bandama, loweka kioo kingine kwenye alkoholi iliyojazwa asidi ya pikriki. Vidoa vya formalini hutoka upesi. Vya malaria hung'ang'ania kwa saa nyingi.