Endofiti ni nini, na fangasi wa ndani ya mti anahusianaje na dawa ya kansa?

Ukisikia fangasi unawaza mkate uliooza au miguu inayowasha, sawa, ila kuna fangasi wengine wanaishi ndani kabisa ya majani, magamba na mizizi ya mimea na mmea wenyewe unadunda tu hauna hata dalili ya ugonjwa. Hao ndio wanaitwa endofiti. Bakteria pia wanaweza kuwa endofiti lakini leo tubaki na fangasi.

Kuwapata siyo kukwangua juu ya jani, maana huko juu kumejaa vumbi na kila takataka. Jani linaoshwa, linatumbukizwa kwenye spiriti, halafu kwenye maji ya blichi kama jiki, linasuuzwa, linakatwa vipande vidogo vinawekwa kwenye sahani yenye chakula cha fangasi (mara nyingi kimetengenezwa na viazi mviringo na sukari). Zikipita siku kadhaa unaona nyuzi zinatokea pale kisu kilipokata, ndiyo unajua huyu ametoka ndani. Na yale maji ya mwisho ya kusuuzia nayo yanamwagwa kwenye sahani yake peke yake, humo kikiota kitu chochote basi hukusafisha vizuri, anza upya.

Sasa kansa inaingiaje? Kuna mti unaitwa Taxus brevifolia, upo magharibi mwa Marekani na Kanada. Magamba yake yalichukuliwa 1962, wanakemia Monroe Wall na Mansukh Wani wakapata humo kemikali ya takso (paklitakseli), muundo wake wakautangaza 1971. Seli ikitaka kugawanyika hujenga vijinyuzi vya kuvutia kromosomu (vifurushi vinavyobeba jeni) kisha huvifumua, takso inavigandisha visifumuke, seli inakwama katikati na kufa. Iliruhusiwa Marekani 1992 kwa kansa ya ovari (kiungo kinachotunza mayai ya mwanamke). Shida ni kwamba mti wenyewe unakua polepole mno, na ukishauchuna magamba umeuua.

Ndo maana 1993 ilikuwa habari kubwa kweli. Mtafiti Gary Strobel na wenzake Andrea na Donald Stierle waliripoti fangasi waliyemtoa ndani ya mti huohuo kule Montana, wakamuita Taxomyces andreanae, jina la pili ni la Andrea, na wakasema akifugwa peke yake kwenye chupa bila mti anatoa takso. Watu wakaona basi tumemaliza, tutaichachusha kwenye matangi kama bia, miti ipumzike! Ila kiasi alichotoa kilikuwa nanogramu (gramu ukiigawa mara bilioni) chache tu kwa lita moja, yaani hata mzani wa sonara hauoni kitu.

Halafu hawa fangasi wana kasoro moja inayochosha watafiti, ukiwahamisha sahani hadi sahani mara kadhaa wanapunguza uzalishaji, wengine wanaacha kabisa. Labda wanamhitaji mti, kuna kitu anawapa. Wapo pia wanasayansi waliotafuta jeni za kutengeneza takso ndani ya fangasi wa aina hii wasizione, wakahoji kama kweli ni yeye anayetengeneza, na mimi naona hoja yao ina uzito.

Huku kwetu mfano wa karibu ni lile ua la pinki au jeupe lenye petali tano linalopandwa mbele ya nyumba, asili yake Madagaska, Catharanthus roseus. Humo ndimo ilimotoka vinkristini, dawa ya leukemia (kansa ya damu) na ya ule uvimbe wa taya za watoto alioueleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda. 2013 watafiti wa India waliripoti fangasi wa ndani ya ua hilo anayetoa vinkristini pia. Sasa usiende kulichemsha unywe, lina sumu, na kipimo cha vinkristini hospitali ni miligramu moja mbili tena kwenye mshipa.

Takso inayotumika siku hizi inatoka kwenye seli za mti zinazokuzwa matangini, au inaanzia kwenye majani ya ndugu yake wa Ulaya, Taxus baccata, ambayo yakichumwa yanaota tena. Fangasi yeye bado yuko maabara.